Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: nyumba ikiuzishwa, muulize kwanza nani analala ndani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Haut-Katanga, kwa Mheshimiwa Meya wa Lubumbashi, kwa maburgumestri wa komini zetu saba, kwa wakubwa wa servisi ya Habitat (ofisi ya mambo ya nyumba) na wa Konservasio inayotoa sertifika za nyumba, na kwa ninyi madepite wa jimbo,

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, napanga mu Katuba, sina parsele (kiwanja) wala nyumba yangu. Majirani wananiletaka karatasi za Kifaransa niwasomee, na karatasi nyingi sasa zinafanana: mwenye nyumba anauzisha, mutoke. Siku ingine hata karatasi hakuna, ni neno tu walilopewa pale ku mulango. Njo maana nawaandikia.

Jambo langu ni moja. Mutu akitaka kuuzisha nyumba yenye wapangaji ndani, hakuna ofisi mu huu mji inayomuuliza wale wapangaji walipewa preavi (taarifa ya kutoka) lini, na garanti yao (pesa waliyoweka ku mwenye nyumba siku ya kuingia) iko wapi. Anapita ku shefu wa kartie (mutaa), anapita ku komini, akiwa na karatasi za kutosha anafika mupaka ku Konservasio, na kila mahali wanamuuliza udongo ni wa nani, mipaka iko wapi, pesa ya kashe (muhuri) iko wapi. Wanapima parsele kwa meta. Watu wanaolala ndani hawaonekani mu karatasi hata moja. Naomba muanze kuuliza, ni hiyo tu, na nitaeleza kwa nini naona ni ninyi munaoweza, hata bila sheria mpya.

Nisieleweke vibaya, siko kinyume na kuuzisha. Nyumba ni ya mwenyewe, na wenye nyumba mingi mu komini zetu siyo matajiri. Kuko wazee waliotoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mu ile opereshoni ya départ volontaire (kuacha kazi kwa hiari) ya 2003 na 2004, walitoka watu 10.655, na mingi kati yao leo vyumba viwili vitatu vya ku parsele njo vinawalisha. Mzee kama huyo akigonjwa, akihitaji kwenda kufanyiwa opereshoni, au mutoto yuko UNILU, universite ya hapa, na pesa ya masomo imekosa, auzishe nini kama si nyumba? Hakuna mutu anayeweza kumukatalia. Nami sitaki mupangaji apewe nguvu ya kumufunga mwenye nyumba mikono miaka na miaka. Naongea juu ya namna tu, namna inavyofanyika.

Inafanyika hivi. Mwenye nyumba hakuambii kitu, unasikia kwanza ku komisionere (dalali), au unasikia ku mutoto wa jirani eti «nyumba yenu wanauzisha». Ukimuuliza mwenyewe anakataa, anasema ni maneno ya watu, lipa tu pesa ya mwezi. Kisha asubuhi moja komisionere anaingia na watu wawili watatu, wanasema tunakuja kuangalia, bibi yako yuko anaoga kule nyuma ya nyumba, watoto hawajavaa, wao wanapita mu vyumba wanagonga ukuta, wanaangalia dari, wanaulizana bei mbele yako utafikiri hauko pale. Wiki inayofuata wengine. Halafu siku moja hawaji tena, unafikiri imekwisha, kumbe imeuzishwa, na anayekuja sasa ni mwenye mpya, na yeye anasema nilinunua nyumba tupu, niliambiwa mutatoka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni siku kumi na mbili.

Unamtafuta mwenye wa zamani, telefoni haiingii. Garanti yako aliikula zamani. Mwenye mpya anasema sikupokea garanti yako mimi, uende umuulize yeye uliyemupa. Na kwa kweli hakuipokea, hapo hasemi uongo.

Nilimusomea karatasi mama mumoja jirani, ni mujane, anauzisha makala (makaa) ku barabara, alipanga vyumba viwili na watoto wake. Alikataa kutoka kwa sababu mwezi alikuwa amelipa na risi (stakabadhi) anayo mukononi. Basi mwenye mpya alituma vijana wakapanda juu wakaanza kutoa mabati, mu mwezi wa kwanza, munajua mwezi wa kwanza Lubumbashi mvua inanyesha namna gani. Walitoa upande moja tu wakasema upande mwingine tutarudi kesho. Hakulala pale ule usiku. Shefu wa kartie alijua, polisi walipita wakasema ni mambo ya siviri (madai tu, haiko kosa la jinai), mujipange wenyewe. Wengine hawatoi mabati, wanakata waya ya umeme ya SNEL, au wanatoa mulango wanasema unaenda kutengenezwa. Hii munaisikia ku maofisi yenu kila wiki, siwaambii kitu kipya.

Na hii yote inafanyika mu inchi yenye sheria iliyoandikwa vizuri. Kuko sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupanga nyumba zisizo za biashara. Sheria hiyo inataka kontra (mukataba wa kupanga) iandikwe, inataka ipite ku servisi ya Habitat. Inasema garanti ya nyumba ya kulala haiwezi kupita miezi tatu. Inasema ukitaka kuvunja kontra isiyo na mwisho unatoa preavi ya miezi tatu kwa nyumba ya kulala, miezi sita kwa nyumba ya kazi za kijamii na utamaduni. Inasema pia mukigombana munaanza ku servisi ya Habitat iwapatanishe mbele ya kufika ku tribinali (mahakama). Na kumutoa mutu kwa nguvu ni kazi ya tribinali na uisie (afisa wa kutekeleza hukumu), kwa hukumu, haiko kazi ya vijana wenye ngazi.

Kuko hata kitu cha zamani kuliko hiyo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya kontra, ya wakati wa mfalme Leopold, ambayo mupaka leo njo sheria yetu ya kontra, inasema mwenye nyumba akiuzisha, aliyenunua hawezi kumufukuza mupangaji mwenye kontra iliyo na tarehe ya hakika, isipokuwa kama kontra yenyewe iliandika kwamba kuuzisha kunaivunja. Tarehe ya hakika maana yake kontra iliyopita ku ofisi ya serikali ikapigwa kashe, siyo karatasi ya kaye (daftari) tuliyoandikiana chini ya muembe. Kwa hiyo aliyenunua nyumba ananunua na kontra iliyomo. Kama mupangaji ana kontra ya mwaka moja yenye kashe na imebaki miezi saba, mwenye mpya anangoja miezi saba na anapokea pesa ya nyumba yeye sasa. Kama kontra haina mwisho, anatoa preavi ya miezi tatu, kwa karatasi, na hesabu haianzi siku mwenye nyumba alipoanza kufikiri kuuzisha.

Mumesikia vizuri pale ku kashe. Bila kashe mupangaji ni dhaifu sana mbele ya mununuzi. Na sisi wapangaji mingi kontra zetu hazina kashe. Wengine hatujui kama inahitajika, wengine mwenye nyumba anakataa ju anaogopa taxe ya IRL, kodi ya pesa ya kupangisha, itajua bei ya kweli, wengine walifika ku ofisi wakaombwa pesa wasiyoelewa ni ya nini wakarudi nyumbani. Waheshimiwa, hapo njo mahali pa kwanza munaweza kugusa. Bei ya kupiga kashe ku kontra ya nyumba ya kulala iandikwe ku ukuta wa kila ofisi ya Habitat, kwa namba kubwa, na risi itoke, na isiwe bei inayomufukuza mutu anayelipa dola makumi manne kwa mwezi. Mukifanya hivi tu, mutaona watu watakavyokuja.

Sasa garanti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu njo inaumiza zaidi. Mu sheria ni miezi tatu, lakini ukizunguka Kampemba, Kenya, Ruashi, hata Bel-Air, utaombwa miezi sita na utatoa, kwa sababu nyuma yako kuko mwingine tayari na pesa mu mufuko. Halafu komisionere anataka yake ya mwezi moja. Mutu anakopa ku likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa), anakopa ku bwana yake wa kazi, anatoa yote mara moja. Ile pesa ni ya mupangaji, iko inalindwa tu na mwenye nyumba, lakini kwa kweli haiko inalindwa, siku ileile imeingia mu simenti, mu masomo, mu matanga. Siwalaumu sana, mutu hana pesa na pesa imekuja mukononi.

Basi siku ya kuuzisha ikifika mwenye nyumba anasema: kula garanti yako utoke. Sote tunaijua hiyo, kukula garanti, unakaa miezi ile bila kulipa mupaka inaisha. Wakubwa wengine wanaona ni namna nzuri ya kupatana, nilisikia hata ku ofisi wakimushauri mutu hivyo. Naomba mufikiri tena. Watasema mupangaji akikaa miezi tatu bila kulipa si anaweka ile pesa ya kila mwezi pembeni, mwisho anakuwa na garanti ya kule anakoenda? Kwa mutu mwenye mushahara unaofika kila mwisho wa mwezi, sawa, inawezekana. Lakini mama wa makala anapata leo anakula leo. Mwalimu ambaye mushahara unachelewa, mulinzi ambaye kampuni ilimusimamisha, hawana pesa ya kila mwezi ya kuweka, wana deni. Na kule wanakoenda hawamungoji miezi tatu, wanataka garanti yote siku ya kwanza, kwa hiyo unahitaji pesa mukononi MBELE ya kutoka. Aliyekula garanti anatoka na nguo tu. Na kuko wale ambao wanaambiwa kula garanti miezi tatu, kisha ku mwezi wa pili mununuzi anafika, anasema sijui hiyo habari.

Kwa hiyo ombi langu la pili ni hili, na ninalishika kuliko yote. Pesa ya kuuzisha nyumba iko, mara nyingi njo siku moja tu mu maisha ya mwenye nyumba ambayo ana pesa nyingi mukononi. Garanti itoke mule mule, ku meza ileile. Mununuzi anapolipa, garanti ya kila mupangaji inakatwa ku bei na inarudishwa ku mupangaji mwenyewe kwa risi, au kama mupangaji anabaki na mwenye mpya, inapita ku mwenye mpya na karatasi inaandikwa kwamba sasa yeye njo anailinda. Mwenye nyumba hapotezi kitu, ni deni lake la zamani. Mununuzi hapotezi kitu, bei ni ileile. Na mupangaji anatoka na pesa ya kuingilia kwingine, hapo hata kutoka anatoka mbio, nani anapenda kubaki mu nyumba ya vita?

Mutaniuliza, ni wapi tutaiweka hiyo? Muiweke ku komini. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali, na haki ya mutu juu ya parsele inasimama kwa sertifika ya Konservasio, lakini ninyi wenyewe munajua parsele ngapi mu Katuba, mu Ruashi, mu komini Annexe hazijafika kule, zinauzishwa kwa fishi ya parsele (karatasi ya kiwanja) na kashe za kartie na komini, zinaishia pale. Kwa hiyo mukiweka ulizo ku Konservasio peke yake mutashika nyumba za Golf na za mujini, sisi wadogo tutabaki inje. Ku komini kila mutu anapita. Karatasi moja tu iongezwe mu dosie ya kuuzisha: nani anaishi ndani, anapanga tangu lini, garanti ni ngapi, preavi ilitolewa tarehe gani, na sini (saini) ya mupangaji mwenyewe kwamba ni kweli. Bila ile karatasi burgumestri hapigi kashe. Nyumba haina mupangaji? Shefu wa kartie anaandika haina, na anatia sini, na kama alidanganya jina lake liko pale chini.

Najua kuko mashefu wa kartie ambao wanapata kitu ku kila parsele inayouzishwa, na hawatafurahia kuongezewa kazi inayochelewesha. Nawaheshimu, wengine ni wazee wetu, lakini mushefu anayejua kila nyumba ya avenyu yake hawezi kusema hakujua kwamba ndani kulikuwa watoto.

Kuko tena ile ya wariti (warithi), hiyo ni ngumu kuliko zote. Baba mwenye nyumba anakufa. Mutoto mukubwa anakuja anasema sasa pesa munanipa mimi. Mwezi unaofuata dada yake anakuja anasema musimupe ule, munipe mimi, na mama mujane yuko ndani ya nyumba kubwa analia tu. Halafu mumoja kati yao anauzisha, wengine hawajui, na mupangaji anapokea preavi mbili zenye majina mbalimbali, au anaambiwa na huyu utoke na anaambiwa na yule ukae. Ukilipa huyu, yule anasema haujalipa. Kode ya familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 kama ilivyobadilishwa mu 2016, inaweka watoto wote wa marehemu, wa ndoa na wale aliowatambua inje ya ndoa, mu kundi la kwanza la wariti, na inamupa mujane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi. Kwa hiyo mutoto mumoja hawezi kuuzisha peke yake nyumba ya wote, na mama yake yuko ndani. Lakini nani anamuuliza? Kama ku komini wangeomba karatasi ya mulikidateri (musimamizi) wa urithi na sini za wariti mbele ya kupiga kashe, ingeokoa mupangaji, ingeokoa na ule mujane, ingemuokoa hata mununuzi ambaye anatoa pesa yake yote kisha anakaa ku tribinali miaka mingi. Nimeona mununuzi analia pia, tusifikiri ni sisi tu.

Na wakati wa kupata kesi kama hiyo, mupangaji alipe wapi? Naomba servisi ya Habitat iwe na namna ya kupokea ile pesa na kutoa risi mupaka familia ielewane. Ingetusaidia sana, maana sasa wengine wanaacha kulipa kabisa, na wakisha kuacha kulipa wamepoteza haki yao mbele ya kila mutu.

Hapo niseme na wapangaji wenzangu, ju barua ni ya wazi na wataisoma. Kuko wanaosikia tu nyumba inauzishwa wanaacha kulipa, wanavunja sinki, wanatoa hata ampuli (balbu) na seriri (kufuli) za milango, wanasema nitamuachia nini. Kuko aliyepewa miezi tatu kwa karatasi na garanti yake yote mukononi, na bado yuko ndani mwezi wa saba, anamuambia mwenye nyumba uende ku tribinali. Mutu kama huyo anatuharibia sisi wote, kwa sababu njo yeye wenye nyumba wanamukumbuka wakikataa kutoa preavi, wanasema nikimuambia mapema ataniletea matata, heri nimushitukize. Tukidai preavi, ikiisha tutoke. Na étadelieu (kukagua hali ya nyumba pamoja) ifanyike kuingia na kutoka, iandikwe, ili mutu asilipishwe ukuta aliokuta umepasuka.

Juu ya watu wa kuangalia nyumba sina mengi. Wapewe siku na saa, muchana, wamuambie mupangaji siku mbele, na komisionere awe na karatasi ya kumutambulisha. Na kama inawezekana mupangaji aulizwe wa kwanza kama yeye anataka kununua, siyo kwa bei ya chini, kwa bei ileile. Wengine wako na kaka Kolwezi au dada Afrika Kusini wanaoweza kusaidia, wanakosa tu kwa sababu walijua wa mwisho.

Juu ya wakati, nawaomba mufikiri kama wazazi. Mutoto anasoma karibu na nyumba. Mukimutoa baba yake mu mwezi wa pili, nyumba ya bei yake anaipata wapi? Anaipata kule Kasungami, anaipata Luwowoshi, mbali, na taksibisi ya kila siku mutoto hailipiwi. Mimi mu klasi yangu naona kiti kinabaki tupu katikati ya mwaka, nauliza, wananiambia walihama, na ku shule ya kule hawamupokei ju mwaka umefika nusu au hawana pesa ya kuandikisha mara ya pili. Huyo mutoto anarudilia mwaka, siyo kwa ujinga. Miezi tatu ya sheria haitoshi kumaliza kila mwaka wa shule, naelewa, lakini angalau inampa mzazi nafasi ya kutafuta karibu. Siku kumi na mbili hazimupi kitu. Na kama servisi ya Habitat wakati wa kupatanisha ingeweza kuangalia mvua na shule, ikaomba mununuzi asubiri wiki chache mupaka egzame ziishe, wanunuzi wengi wangekubali, ni watu pia.

Kitu kingine. Konstitisio yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 142, inasema serikali inasambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa luga ine za taifa, mu siku makumi sita tangu ilipotiwa sini. Luga ine ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya kupanga ilitiwa sini mwisho wa 2015. Mimi hapa Katuba sijawahi kuona hata ukurasa moja wake kwa Kiswahili, naisoma kwa Kifaransa na kuwaeleza watu kwa mudomo, na siko avoka, naogopa kukosea. Jimbo haliwezi kuanza bila kungoja Kinshasa? Hapa mujini kuko fakilte ya sheria, kuko waandishi wa habari wa Kiswahili, kuko maradio yanayosikiwa mupaka Kipushi. Ukurasa mbili tu zinatosha: preavi miezi tatu, garanti miezi tatu, kashe ku Habitat, hakuna kufukuzwa bila tribinali, kontra inamufuata mununuzi. Zibandikwe ku kila ofisi ya kartie, zisomwe ku kanisa na ku muskiti.

Na polisi waambiwe. Kutoa mabati juu ya watu waliolala haiko mambo ya siviri, ni kuvunja nyumba ya mutu. Anayetuma vijana bila hukumu ashikwe, awe na karatasi za parsele au asiwe nazo.

Mwisho, madepite, hii ni yenu. IRL ni pesa ya jimbo. Kila mwanzo wa mwaka watu wa kodi wanafika mu parsele zetu, wanauliza nani anapanga, analipa ngapi, mwenye nyumba ni nani, wanaandika. Kwa hiyo jimbo linajua tayari nani anaishi wapi na kwa bei gani. Ile liste ipite ku komini, itumike pia siku nyumba inauzishwa. Hamuhitaji pesa mpya ya kuanza kutafuta, na mwenye nyumba ambaye alilipa IRL vizuri na mwenye kontra ya kashe muwapunguzie kitu, muone kama hawatakuja kujiandikisha wenyewe.

Kopi ya barua hii naiweka ku servisi ya Habitat ya komini yetu, na wapangaji wengine wa avenyu yetu wametia sini nyuma yake pamoja na wenye nyumba wachache waliokubali. Mukiamua kutengeneza ile karatasi ya kuongeza mu dosie, mutuite, tutakuja na kontra zetu mukononi muone namna zilivyo. Iwe tu siku ya posho (Jumamosi) au mangaribi, ju siku zingine asubuhi niko mu klasi.

Kwa heshima yote,

Mwalimu mupangaji wa Katuba, Lubumbashi